Domodomo katika Ndoo ya Rangi

Bukuru alimleta saa moja jioni
katika ndoo iliyowahi kuwa ya rangi ya mafuta:
domodomo wa urefu wa kiganja,
kidevu kimechomoza kama kidole cha mtu anayeuliza njia.
"Wavuvi wamemtupa. Mdogo, hata paka hashibi."
Maji ya Malagarasi yalifanana na chai iliyosahaulika jikoni.

Mimi ni fundi redio hapa Uvinza, nyuma ya wauza ndizi.
Bwana mmoja wa mambo ya samaki,
aliyeniletea redio yake imeungua,
aliwahi kuniambia huyu ana mtambo wa umeme mkiani,
mdogo, haukurushi,
hauwashi hata taa ya baiskeli.
Sikubishana naye. Nilimtoza elfu mbili.

Usiku huo Tanesco wakakata.
Nikatoa kipaza sauti cha betri,
nikachuna nyaya mbili, nikazitumbukiza majini,
moja huku, moja kule.

Tak.
Tak-tak. Tak.
Trrr, tak.

Toyi akamshika pacha wake mkono.
"Anagonga mlango?"
Nikawaeleza nilivyoelewa, maana mzazi
hueleza kwanza, hujua baadaye:
kila tak ni swali linaloulizwa na mwili mzima.
Hutoka mkiani, humzunguka, hurudi kichwani,
na ngozi yake yenye vitundu tusivyoviona
husoma swali limepindia wapi.
Jiwe hulisukuma kando.
Chuma hulivuta, hulikusanya.
Hahitaji mwezi. Tope kwake ni dirisha.

Tukazamisha kijiko cha chai:
tak zikamiminika kama mvua ya kwanza juu ya bati.
Tukazamisha kijiti kikavu:
akakipitia, akakikadiria, akaendelea na yake.
Alirudi kinyumenyume, mkia ukitangulia,
kati ya kijiko na ukuta wa ndoo,
pasipo kugusa hiki wala kile.
Bukuru, ambaye huvunja kikombe kila wiki,
alitazama sana hapo.

Sasa, Toyi ana huruma isiyouliza.
Baba yao anafanya kazi kiwandani, kwenye chumvi;
kwetu haikosekani, ipo mpaka kwenye mishono ya mashati,
na mgeni hapewi chakula chapwa.
Nilipogeuka kukaza betri
akamtilia mgeni wake konzi nzima.

Sauti ikafifia.
Si kwamba samaki alinyamaza. Nilitega sikio hadi shavu likagusa kipaza:
alikuwa bado anauliza,
ila maji yalimeza swali kabla halijafika popote.
Chumvi huufungulia umeme kila mlango,
nao humwagika wote nje.
Akaganda katikati ya ndoo
kama mtu aliyeamka katika nyumba isiyo yake.

Sikumgombeza mtoto. Nilijitwika ndoo,
nikashuka mtoni bila tochi,
nikihesabu njia kwa nyayo: kokoto, majivu ya mtu, nyasi, ubaridi.
Nikainamisha ndoo taratibu.
Sikumwona alivyoondoka.
Yeye, nadhani, aliniona: chungu kubwa la joto na maji,
magoti mawili kwenye ukingo wa swali lake.

Nyumbani baba yao alikuwa amerudi zamu.
Siku tisa hatujasemeshana,
tangu zile pesa za bati.
Alilala ukutani, mimi nikalala mlangoni,
katikati yetu nafasi ya kulaza mtoto wa tatu.
Giza lile lile. Sikumgusa,
lakini mgongo wangu ulijua yu macho;
ningeweza kuchora bega lake lilipoanzia,
goti alilolikunja, ile pumzi aliyoibana.

Akakohoa.

Nikasubiri kidogo, mpaka pakawa na nafasi,
nami nikakohoa.